Usipulize

Kwanza, usipulize.
Najua mdomo umeshajikusanya.
Ndivyo tulivyofanya wote, utotoni, Katindo:
kaseti ikigoma tunaichomoa, fuu!
tunairudisha, inakubali, tunajiona mafundi.
Pumzi ina maji, Kasereka.
Miaka yote ile tulikuwa tunaipa kutu
tukidhani tunaipa uhai.

Nimeilaza kifudifudi juu ya taulo.
Parafujo sita za nje, nyingine tatu ndani,
kila moja na shimo lake kwenye trei la mayai,
kwa mpangilio zilivyotoka,
maana parafujo ndefu ikiingia pa fupi
hutoboa kisichotobolewa.
Bisibisi zangu za simu hazikuingia. Nimeazima
kwa Muhindo wa saa, pale Birere,
kwa ahadi ya soda.

Ilipofunguka sikuona mende,
kama ninavyowakuta kwenye redio za wateja.
Majivu.
Meusi, makavu, yanametameta kidogo kwenye tochi,
yamelala kando ya kapasita
kama kahawa iliyosagwa vibaya.

Ya ile Januari.
Mlima umepasuka, moto unashuka mjini kwa miguu yake,
Mama ana Biira mgongoni na sufuria kichwani,
mimi nina kuku,
na wewe, uliyeambiwa ubebe maharagwe,
umebeba hii, umeifunga kitenge kama mtoto.
Gisenyi ulichapwa mbele za watu.
Tukalala na njaa
na mchezo usio na televisheni.

Basi uchafu siuogopi. Naogopa pupa.
Majivu ya kwetu ni mawe, madogo tu;
ukiyasugua kwa kitambaa yanachora.
Nayainua kwa brashi ya poda, ile laini,
nikiinamisha ubao taratibu
yadondoke yenyewe
juu ya karatasi ya daftari.

Baba amepita, akanusa spiriti,
akasema kanyanga ingetosha, tena ni ya nyumbani.
Nikamwambia kanyanga ina maji na ukaidi.
Akacheka, akaenda kuitafuta.

Spiriti ya famasi, ile ya tisini.
Pamba kwenye njiti, tone tu, isichuruzike.
Meno ya shaba nayapitia moja moja,
kutoka juu kwenda chini, bila kurudi,
kama unavyomchana mtoto anayelia upesi.
Pamba ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi.
Ya tisa kijivu, nikaacha.
Anayeitaka nyeupe kabisa
ataifuta hata shaba yenyewe.

Mama Furaha wa dirisha la pili
ameniletea javeli, ganda lirudi jeupe.
Nimepokea, nimeshukuru, nimeiweka chooni.
Manjano hii ni umri, si uchafu.
Sabuni kidogo, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani,
ganda peke yake, mbali na ubao,
kisha kivulini siku mbili, si juani.
Na pale chini, ulipochora K kwa msumari,
nimepazunguka.

Karatasi ya majivu nimeikunja mara nne.
Sijaamua.

Umepiga kutoka Butembo, mtoto wako anauliza
kama itawaka.
Mwambie shangazi hajui.
Snel wamekata tangu asubuhi,
na waya sijauchomeka ukutani:
umeme wetu ukirudi, hurudi na hasira,
utaungojea kwanza utulie.
Mwambie iko mezani, kavu, imefungwa,
inapendeza.

Usimwambie
kwamba kwenye trei la mayai
imebaki parafujo moja.